Namna ya kuchagua risasi dami za mazoezi ya kujaza shotgani geji 12

Kila akitokea mtu mpya anayeanza mechi za shotgani, maswali ni yale yale: Ninunue dami, yaani risasi bandia zisizo na baruti, za aina gani? Zile za plastiki za bei poa zinafaa? Maganda niliyookota renji (uwanja wa kulengea shabaha) naweza kuyatumia? Na kuna hili ambalo linanitia baridi kila nikilisikia, eti kwani sefti (kile kizuizi cha triga) ikiwa imefungwa siwezi kufanya mazoezi na risasi zenyewe tu sebuleni?

Hilo la mwisho nalijibu kabisa kabla hatujaenda popote. Hapana. Risasi halisi na mazoezi ya nyumbani havikai pamoja, hata ukiwa makini kiasi gani, hata sefti iwe imefungwa, hata mtutu umeuelekeza ukutani. Sefti ni kichuma kidogo tu na kina siku yake ya kugoma. Kazi hiyo ndiyo imefanya dami zikawepo, kwa hiyo tuzungumzie dami.

Mwongozo huu ni wa shotgani ya magazini ya bomba, yaani ile bomba ndefu chini ya mtutu ambayo unasukuma risasi kwa kidole gumba moja baada ya nyingine, iwe ya pampu kama Remington 870 na Mossberg 590 au ya kujipakia yenyewe kama Benelli M2, Beretta 1301, Mossberg 940. Nalenga zaidi watu wa 3-Gun (mechi za raifo, bastola na shotgani kwa pamoja) na IPSC (shirikisho la kimataifa la mechi za shabaha) kwa sababu huko ndiko kujaza kunakoamua mshindi, kozi ndefu ya IPSC inaweza kutaka hadi risasi 28 na bomba lako limebeba nane au tisa, sasa hesabu mwenyewe utajaza mara ngapi ukiwa unakimbia. Kupiga kila mtu anapiga. Kujaza ndiko watu wanakoachana. Ila hata kama huendi mechi, unataka tu kuizoea bunduki yako ya kuwindia, mambo ni hayo hayo.

Kitu kimoja nataka kikukae kichwani muda wote unaposoma: dami nzuri ni ile ambayo mkono wako hauoni tofauti yake na risasi halisi, lakini jicho lako linaiona hiyo tofauti papo hapo. Dami ambayo mkono unaijua ni dami, mazoezi yake yanakufundisha kitu kingine kabisa. Na dami ambayo jicho linaidhania risasi ni hatari, itupe. Hayo mawili yanavutana, na kuchagua dami ni kutafuta inayotimiza yote mawili kwa pamoja.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Bunduki yako na kitabu chake cha maelekezo (kama kilipotea, kampuni nyingi wameweka mtandaoni)
- Risasi mbili tatu za aina ile ile unayotumia mechi, kwa ajili ya kupima tu, na zitapimwa chumba kingine mbali na bunduki
- Mzani mdogo wa jikoni unaosoma gramu moja moja
- Kalipa (kifaa cha kupimia urefu na unene), hata ile ya plastiki, ikikosekana rula yenye milimita
- Mkanda au vishikio vya risasi utakavyovaa mechi
- Kalamu ya wino usiofutika
- Kopo au boksi lenye kifuniko la kuwekea dami peke yake

Pesa ukiwa nazo kidogo, weka kwenye dami kwanza, taima ya mazoezi na madoido mengine yatasubiri.

USIJE UKACHANGANYA VITU VITATU

Hapa watu wanapotea mapema sana kwa hiyo tusimame kidogo. Kuna risasi za mlio, zile za kwenye filamu na gwaride, ambazo hazina marisau (vile vipira vidogo vinavyoruka kwenda shabaha) lakini zina baruti na zina fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti). Hizo SIO dami. Zinawaka, zinatoa moto mdomoni mwa mtutu, zinaweza kuua mtu aliye karibu. Usizitumie nyumbani kwa lolote.

Halafu kuna snapkepu. Hizi zimetengenezwa kulinda pini ya bunduki unapofyatua bila risasi, kwenye kitako zina springi au kipande laini pale ambapo fataki ingekaa. Baadhi ni ndefu kama risasi kamili na zinafaa kujazia, lakini nyingine ni vipande vifupi vya kutumbukiza chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa ikisubiri kupigwa) ya bunduki ya mitutu miwili. Hivyo vifupi ukivisukuma kwenye bomba unajitafutia shida, vinalala upande, vinakwama, utaishia kufungua bunduki nzima. Angalia picha vizuri kabla hujalipa.

Ya tatu ndiyo dami yenyewe, haina baruti, haina fataki, ina umbo na uzito wa risasi, kazi yake kuingia na kutoka. Tunayoitaka ni hii, au snapkepu ndefu inayofanya kazi hiyo hiyo.

HATUA KWA HATUA

1. Soma ubavuni mwa mtutu.
Pale pameandikwa geji (kipimo cha upana wa mtutu) na urefu wa chemba, kwa mfano geji 12 na inchi 2¾ au 3. Inchi 2¾ ni milimita 70, inchi 3 ni 76, inchi 3½ ni 89. Chemba ya inchi 3 inakubali risasi ya 2¾, kinyume chake hapana. Karibu mechi zote watu wanatumia za 2¾, kwa hiyo hata kama chemba yako ni ya 3 nunua dami za 2¾, fuata risasi unayoipiga siyo chemba uliyonayo.

2. Pima risasi yako halisi.
Chumba kingine, bunduki imefungiwa mbali. Pima urefu, pima uzito, andika. Sasa utashangaa kidogo kwa sababu ile "milimita 70" hutaiona, utakuta risasi yako ina kama 58 au 60 hivi. Hujakosea. Namba ya kwenye boksi ni urefu wa ganda likishafunguka baada ya kupigwa, na kabla halijapigwa mdomo wake umekunjwa kwa ndani. Uzito nao utakuta mahali fulani kati ya gramu 40 na 50, inategemea marisau ni aunsi moja ambayo ni gramu 28, au aunsi moja na moja ya nane ambayo ni kama 32. Ukimaliza kuandika rudisha risasi kabatini, funga, sahau habari zake.

Namba hizi mbili ndizo utaendea nazo dukani. Muuzaji akikwambia "hizi zinafaa geji 12 zote" mwambie sawa, halafu pima.

3. Linganisha urefu.
Dami ikizidi milimita mbili tatu si kitu. Ikizidi kumi ni tatizo kubwa, na hapa ndipo maganda ya kuokota renji yanapomwangusha mtu. Ganda lililopigwa limefunguka, lina milimita 70 kamili. Chukua nane uzipange kwenye bomba: nane za 58 zinakula milimita 464, nane za 70 zinakula 560, karibu sentimita kumi zaidi. Bomba la risasi nane litagoma kabla hujafika ya nane, utadhani springi mbovu. Na mkononi ni balaa zaidi, kwa sababu ukishika mbili zimefuatana, kidole gumba chako kinajifunza kusukuma umbali ambao mechi haupo.

4. Kagua kitako na ukingo wake.
Ule ukingo wa duara kwenye kitako ndio unaoshikwa na kile kichuma kidogo ndani ya bunduki kinachozuia risasi isirudi nyuma. Ukishasukuma risasi ikapita, kichuma kinaruka nyuma ya ukingo, unasikia "tk". Mlio huo na ule mguso kidogo kwenye kidole ndio mkono wako unajifunza kuusubiri, kwa hiyo ukingo wa dami lazima uwe na unene na upana kama wa risasi. Dami za plastiki tupu ukingo wake unaliwa taratibu na hicho kichuma, baada ya muda unakuta umechongoka au una kinyufa, na ukingo ulioliwa haushikiki, risasi inarudi inakugonga kidole. Za alumini kama A-Zoom zinavumilia sana. Dami yenye kitako cha chuma kabisa kama ganda la kweli, kwa maoni yangu ndiyo bora, maana hata vishikio vya mkandani vinaishika pale pale kwenye chuma kama vitakavyoishika risasi.

5. Kagua pua.
Hiki watu hawakitazami kabisa na kwa anayejaza nne kwa mpigo ndicho kitu kikubwa kuliko vyote. Kujaza nne kwa mpigo unanyakua jozi mbili, kila jozi ni risasi mbili zimefuatana pua kwa kitako, unasukuma jozi ya kwanza kwa msukumo mmoja halafu ya pili. Pua ya risasi ya mbele... hiyo haina shida, inaingia tu. Shida ni pua ya risasi ya nyuma maana ndiyo inayokisukuma kitako cha mwenzake. Risasi ya kweli pua yake ni bapa, ina mikunjo ya nyota lakini kwa ujumla ni bapa, inakaa kwenye kitako cha mbele vizuri haitelezi. Dami yenye pua ya mviringo inateleza upande, jozi inavunjika kama goti mlangoni mwa bomba na risasi zinaruka sakafuni. Wanaoanza wanajilaumu wiki nzima, eti mikono yangu mizito. Mikono haina kosa, dami ndiyo ina pua ya yai. Kama unajaza moja moja pua ya mviringo utaivumilia, lakini ukifikiria kwenda mbili mbili au nne, chukua bapa tangu mwanzo.

6. Uzito, na upande gani umeelemea.
Weka dami kwenye mzani. Ikiwa ndani ya gramu tano za risasi yako, chukua. Za gramu 15 za plastiki tupu zinafaa kujifunza njia ya mkono siku za mwanzo basi, baada ya hapo zinakudanganya, kwa sababu zinatoka mkandani kirahisi mno na risasi nne halisi mkononi ni karibu gramu 180 zinazotaka kuanguka.
Halafu ilaze dami juu ya kidole kimoja itafute katikati. Risasi ya kweli imeelemea puani kwa sababu marisau yote yako mbele, nyuma kuna baruti ambayo haizidi gramu mbili na kile kikombe chepesi cha plastiki. Dami nyingi za dukani uzito umesambaa sawasawa, au kibaya zaidi umekaa kitakoni. Siyo sababu ya kuikataa, ila ukikuta mbili za bei sawa na moja imeelemea mbele, hiyo ndiyo yako.

7. Ngozi ya ganda.
Kuna maganda laini na kuna yenye mistari mistari. Ukipiga ya laini nunua dami laini. Ya mistari inasuguana na vidole na wenzake, tofauti unaisikia kabisa. Fupi tu, twende.

8. Rangi, na hapa usifanye haraka.
Toa mabunda yako yote ya risasi uone ni rangi gani unazo, si za mechi tu, hata zile za kuwindia na alizokuachia mjomba. Remington wengi ni kijani, Winchester na Federal wengi ni nyekundu, wengine wanatoa nyeusi, bluu, zambarau. Dami iwe rangi ambayo nyumba yako haina hata moja. Chungwa kali mara nyingi ndilo linalopona.

NJANO IACHE KABISA. Marekani njano ni rangi ya geji 20, na kuna sababu iliyolipiwa kwa mikono ya watu: risasi ya geji 20 ikiingia kwa makosa kwenye bunduki ya geji 12 inateleza kupita chemba inakwama mbele kwenye mtutu, mtu akichungulia anaona chemba iko wazi, anaweka ya geji 12 nyuma yake, anafyatua, mtutu unapasuka mkono wa kushoto ukiwa pale pale. Ndio maana ile njano inatakiwa kumshtua mtu yeyote wa geji 12 anayeiona. Ukizoea kushika dami za njano kila jioni utaacha kushtuka.

Na rangi isiishie ubavuni. Risasi zikiwa mkandani au kwenye boksi unaona vitako tu, kwa hiyo kitako nacho kiwe na alama, hata duara nene la kalamu ya wino.
Kingine, ganda linaloonyesha ndani peke yake siyo ushahidi kwamba ni dami, maana kuna kampuni zinatengeneza risasi halisi zenye ganda la kupitisha mwanga.

9. Idadi.
Dami mbili hazitoshi, na bahati mbaya pakiti nyingi za snapkepu zinauzwa mbili mbili. Kwa anayejaza mbili mbili au nne nne, nane ndio mwanzo wa maana, kumi na mbili raha zaidi. Sababu ni springi ya bomba. Risasi ya kwanza inaingia laini, ya saba na ya nane unasukumana na springi iliyokwisha kubanwa yote na kidole kinalia, na mechi zinapotea pale pale kwenye hizo mbili za mwisho. Ukiwa na dami nne unazunguka kwenye sehemu rahisi tu.

10. Jaribu kabla ya kununua nyingi.
Agiza pakiti moja. Toa risasi zote chumbani, siyo kuzisogeza pembeni, kuzitoa nje ya chumba na kufunga mlango. Fungua bunduki, tazama chemba kwa macho na ingiza kidole, kisha ingiza kidole kwenye mdomo wa bomba mpaka uguse kile kikombe cha springi, kama huna uhakika unagusa nini washa tochi. Chemba tupu haimaanishi bomba tupu, hilo lirudie mpaka liwe tabia. Elekeza mtutu upande ambao hata mambo yakiharibika hakuna mtu nyuma ya ukuta. Funga bolti (kile chuma kinachoteleza na kuziba chemba), weka sefti, kidole mbali na triga, na hakuna kufyatua, mazoezi ya kujaza hayahitaji triga hata kidogo.

Sasa ingiza moja. Sikiliza "tk". Ingiza ya pili. Zitoe kwa kubonyeza kile kichuma ili zitoke moja moja kwenye kiganja (kila bunduki ina namna yake, kitabu kinaeleza), usizipitishe chembani kwa kupiga pampu mara nane kila raundi maana hapo unazichakaza bure na unazoea kuivuta bolti ovyo. Zikienda vizuri ingiza jozi. Jozi ikienda vizuri, zivae mkandani uone vishikio vinazishika sawa na vinaziachia sawa. Zikipita yote hayo ndio uagize nyingine za aina ile ile, usichanganye aina mbili.

KUTENGENEZA MWENYEWE

Inawezekana na kwa wengine ndiyo njia nzuri kuliko za dukani, ila kuna mstari usiuvuke: unaanza na ganda lililokwisha kupigwa, basi. Usifungue risasi nzima ili "utoe baruti". Fataki inabaki mle ndani, na fataki peke yake inatosha kukutoboa jicho.

Chukua maganda yaliyopigwa ya rangi usiyoitumia. Sukuma fataki iliyoungua itoke kwa kupitisha chuma chembamba kutoka ndani, acha tundu wazi au lijaze silikoni. Usiiache fataki ile ndani kwa hoja kwamba "ina alama ya pini, si inaonekana imepigwa", kwa sababu risasi iliyogoma kuwaka nayo ina alama ya pini na bado ina baruti yote. Tundu tupu halina ubishi.

Toboa matundu mawili matatu ya milimita 3 ubavuni karibu na kitako, yapige msasa yasikwaruze. Sukuma kipande cha mti chenye upana wa milimita 18 kikae chini, pale baruti ingekaa. Juu yake mimina marisau kwa uzito ule ule wa risasi yako, 28 au 32, mimina gundi ya epoksi ishike yote isitikisike, halafu ikikauka kata ganda lifike urefu ulioandika kwenye hatua ya 2 na usawazishe pua iwe bapa. Hapo umepata uzito uko mbele, kitako cha chuma, pua bapa, urefu sahihi. Vaa glavu ukishika marisau ya madini ya risasi (lead), nawa mikono kabla hujala, na usiifanyie kazi hii meza ya chakula wala karibu na watoto, ile ni sumu.

Usipake rangi ya kupuliza ganda zima, inaongeza unene, inabanduka na kuacha vumbi ndani ya bomba. Paka kitako tu.

MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuweka dami na risasi kwenye begi moja, hata kama mifuko tofauti. Kopo la dami likae na dami tu, na uzihesabu zikitoka na zikirudi. Zikitoka nane zikarudi saba, moja iko kwenye bomba au chini ya kochi, itafute kabla hujafanya lolote lingine.

Raundi ya mwisho baada ya raundi ya mwisho. Mtu amemaliza mazoezi, amerudisha dami, amejaza risasi halisi kwa sababu ndiyo bunduki ya ulinzi wa nyumba, halafu anakumbuka kitu, ngoja nijaribu tena kidogo. Ajali nyingi za mazoezi ya nyumbani zina sura hiyo. Ukimaliza sema kwa sauti kabisa "mazoezi yameisha", funga bunduki, toka chumbani, nenda kale au kaoge. Kama ni lazima iwekwe risasi, iwekwe baadaye kichwa kikiwa kimehama.

Kukimbilia taima. Wiki za kwanza hakuna taima. Sauti ya "tk" nane zikiwa safi bila kuangusha hata moja, ndipo taima iingie.

Kutumia dami iliyochoka. Ukingo ulioliwa, ufa, pua iliyobonyea, inaenda kwenye takataka ikiwa imekatwa vipande viwili, asije mtu akaiokota.

IKIGOMA, ANGALIA HIVI

Zinaingia mbili tu bomba linakataa. Kama bunduki ni mpya na imenunuliwa Marekani, karibu hakika kuna kijiti cha mbao au plastiki ndani ya bomba. Sheria ya shirikisho huko inataka anayewinda bata na ndege wahamao asiwe na zaidi ya risasi tatu kwa jumla (mbili bombani, moja chembani), kwa hiyo viwanda vinaweka kijiti kabisa. Kitoe kufuata kitabu, na ukienda kuwinda ndege hao ukirudishe. Angalizo: springi ya bomba inaruka kwa nguvu ukifungua kifuniko, vaa miwani.

Zinaingia saba badala ya nane. Pima urefu wa dami kwanza, springi baadaye.

Dami inarudi na kukugonga kidole. Ama hukusukuma mpaka "tk", ama ukingo umeliwa. Jaribu na dami mpya, ikishika basi jibu umelipata. Mpya nayo ikirudi, kichuma kimechoka au kimejaa uchafu, safisha, ikiendelea mpelekee fundi wa silaha.

Jozi inavunjika mlangoni. Pua ya mviringo, au dami mbili za urefu tofauti, au unasukuma ukiwa umeinamisha kiganja. Badili dami kwanza kabla hujabadili mkono.

Kidole gumba kinachubuka. Hiyo siyo dami, ni kingo kali za mlango wa kujazia risasi. Funga plasta kwa sasa, na watu wengi wa mechi huwa wanampa fundi azilainishe kingo hizo.

Nyumbani unaruka, renji unajikwaa. Rudi kwenye mzani. Mara nyingi dami ni nyepesi au ni laini na risasi zako zina mistari. Vikiwa sawa vyote, basi ni mkanda, unafanya mazoezi umesimama na fulana na mechi umevaa koti.

Dami imekwama chembani. Usigonge na nyundo. Sefti, mtutu upande salama, vuta bolti taratibu, ikikataa peleka kwa fundi, na hiyo dami ikitoka usiirudishe kwenye kopo.

KABLA HUJASAFIRI NAZO

Kwenye mechi za IPSC na USPSA (tawi lake la Marekani) kuna sehemu maalumu ya kushikia bunduki tupu. Pale ruhusa ya kushika bunduki ipo, lakini kushika risasi ni marufuku, NA DAMI ZIMETAJWA HUMO HUMO, pamoja na snapkepu na hata maganda matupu. Watu wanatolewa mechini asubuhi kabla hawajapiga hata moja kwa sababu walitoa dami zao wapashe mikono. Dami ziache nyumbani, au ziache kwenye gari.

Uwanja wa ndege usiziweke kwenye begi la mkononi, kwenye mashine zinaonekana risasi na maelezo yako yatachukua muda kuliko ndege yako. Na wewe uliyeko Kenya au Tanzania unayetaka kumwagiza ndugu akuletee, uliza kwanza kwa maandishi wanaokupa leseni ya bunduki, Kenya ni Firearms Licensing Board na Tanzania ni Jeshi la Polisi, upate jibu mkononi ndipo mzigo uanze safari.